Mwashi wa Bure wa Stesheni ya Makambako

Enzi zetu pale Makambako hatukuhitaji saa. Treni ya Zambia ikipiga honi, mama anabandika maharage. Treni ikichelewa, tunachelewa kula, na hakuna aliyefungua mdomo kulalamika. Watoto wa siku hizi intaneti ikikatika dakika mbili, nyumba nzima inakosa amani. Sisi tulisubiri nusu siku tukicheza rede kwa mpira wa soksi, midomo imepasuka kwa baridi, mifukoni viazi vya kuchoma. Ukishapasha mikono, unakula.

Na mwenye treni zote, kwa akili yangu ya kitoto, alikuwa baba. Baba alikuwa stesheni masta. Shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, kofia, bendera ya kijani kwapani. Watu wazima walimwamkia kwa heshima: "Kamwene, Stesheni!" Treni lote lile, na urefu wake, haliondoki mpaka baba ainue mkono. Jamani, niliringa!

Basi, kuringa kuna mwisho wake. Kila Jumamosi asiyokuwa zamu, baba alibeba begi jeusi, akapanda basi la Njombe, akarudi jioni kachoka, hasemi alikotoka. Mama nikimuuliza, jibu ni lilelile: "Mtoto hapekui mambo ya wakubwa. Akipekua, ataona asichokitaka." Jibu nikalipata kwa shoga yangu Salome, binti wa muuza njegere. Alikuwa ameona gazeti lililofungiwa maandazi, limechorwa bikari na skwea, kile kipimia pembe cha mafundi, eti ndiyo alama ya Frimasoni. "Hao watu wana siri," akaninong'oneza, "halafu wanatoa kafara mtoto wa kwanza."

Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi.

Tukapekua. Baba akiwa kazini tulilivuta begi kutoka uvunguni. Ndani mlikuwa na aproni yenye madoa mekundu, skwea ya chuma, na bikari. Tena bikari yangu mwenyewe, iliyopotea kwenye mkebe wangu wa hesabu nikachapwa shuleni kwa ajili yake! Chini kabisa palikuwa na karatasi, mwandiko wa baba: "Jumamosi, Yakobi. Upendo, kumalizia." Upendo ndiye mimi. Salome alitoka mbio hata kandambili moja akaiacha.

Ijumaa mezani baba akasema, "Upendo, kesho vaa gauni lako zuri. Tunakwenda kijijini Yakobi, mimi na wewe tu." Nikalirudisha tonge sahanini. Asubuhi yake niligawa urithi: kamba ya kuruka nikampa mdogo wangu, mkebe usio na bikari nikaagiza apewe Salome.

Tuliposhuka stendi ya Njombe uvumilivu ukanishinda. Nikamng'ang'ania mama mmoja aliyevaa kitenge cha kina mama wa kanisani, nikapiga yowe: "Mama, niokoe! Baba ni Frimasoni, ananipeleka kafara!" Wapiga debe wakanyamaza, jambo ambalo sijaliona tena maishani. Makuli wakamzunguka baba. Alitazama begi, akanitazama mimi, akakaa juu ya gunia la viazi na kucheka mpaka kofia ikadondoka.

"Twendeni wote mkaone," akasema akifuta machozi.

"Nakwenda," akajibu yule mama. "Simwachi huyu mtoto hata hatua moja."

Yakobi tulikuta nyumba ya tofali za kuchoma, madirisha yake yana upinde juu, na bibi mzaa baba mlangoni, mwiko mkononi. Kibanda cha bibi kilikuwa kinavuja miaka yote, kumbe baba alikuwa akimjengea nyumba kwa mikono yake. Alificha kwa sababu angechekwa: stesheni masta mzima kukanyaga udongo! Yale madoa yalikuwa udongo wa Yakobi. Bikari yangu ilikuwa imechora pinde za madirisha.

"Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayemalizia," baba akamwambia mgeni wetu. "Anaandika jina lake juu ya mlango. Na hilo neno lenu, frii si ni bure? Masoni si ni mwashi? Sasa mama, nani ananilipa hapa? Mimi ndiye Frimasoni kamili!" Mama wa watu alipiga vigelegele, akala kande zetu sahani mbili.

Baba alishatutoka. Makambako pikipiki zimeimeza honi ya treni. Juzi binti yangu kaletewa ujumbe kwenye simu, ajiunge na Frimasoni atajirike ndani ya siku saba. Akaufuta bila hata kushtuka, akaendelea na video zake. Hawa hawaogopi kitu! Nikamwambia babu yake alikuwa Frimasoni, na utajiri alioacha ni nyumba isiyovuja. Hapo ndipo alipoiweka simu chini.

Mwaka jana fundi wa plasta alitaka kuirekebisha O ya mwisho ya jina langu pale juu ya mlango, maana imepinda. Nikamkatalia. Imepinda kwa sababu kidole kilikuwa bado kinatetemeka, nami niko mabegani kwa baba, saruji mbichi mbele yangu, naye ananiambia, "Andika polepole, mwanangu. Treni haiondoki mpaka niinue mkono."

Na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika miguu yangu.