Kikopo cha Wifi

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima vinyesi vya watu, na mtaa ukamwita Bi Vikopo. Kwenye shughuli walimkaribisha vizuri, wakampa kiti, ila hakuna aliyewahi kumwachia kisu cha kukatia vitunguu. Alizoea. Asubuhi alivaa koti lake jeupe, akapanga vioo vyake juu ya kitambaa, akainamia hadubini.

Ambaye hakumzoea ni wifi yake, mke wa kaka yake. Waliishi nyumba moja, ukuta mmoja kati yao, na maneno yalipita ukutani bila kubisha hodi. Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya kitinda mimba wa wifi, binti wa miaka sita. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama karatasi, na akipanda ngazi tatu za barazani anakaa kuhema. Juzi shangazi yake alimkuta akikwangua ukuta kwa kijiko, anakula udongo.

"Wifi, huyu mtoto ana minyoo. Mlete nimpime."

"Wewe kila ukiona mtoto unaona minyoo. Ungejaliwa wako, ungejua mtoto hutazamwa uso kwanza."

Bi Vikopo aliingia chumbani akafunga mlango. Maneno hayo alishayasikia mara nyingi. Zilizomnyima raha ni zile ngazi tatu.

Akamwambia kaka yake. Kaka akasema, "Nyinyi wawili mtaniua," akatoka zake. Lakini huenda alisema neno huko ndani, maana Jumatatu wifi alitokea kwenye dirisha la maabara, amejipamba kama anakwenda harusini, kikopo kimefungwa mifuko miwili, jina la mtoto juu yake.

Bi Vikopo alipaka chembe kwenye kioo, akadondoshea maji ya chumvi, akatazama. Mayai yalikuwepo, meupe, ganda jembamba.

"Ni safura, minyoo ya kunyonya damu," alisema kwa sauti ya chini. "Naandika, apewe dawa leo leo."

Wifi akaligeukia benchi la wagonjwa. "Mmemsikia? Choo hicho si cha mtoto. Ni changu, mimi mtu mzima na afya zangu. Nimekileta makusudi nione kama huyu anapima au ananitungia."

Mzee mmoja wa kikohozi akauliza taratibu, "Sasa mama, si ndiyo kusema unayo wewe?"

Watu wakacheka mpaka muuguzi akachungulia. Wifi alibaki ameshika mifuko mitupu. Bi Vikopo alikuwa amengoja miaka kumi na moja, tangu wifi aolewe, kuuona uso ule. Maneno yakamjaa mdomoni, yamenolewa tayari, na kila moja lilikuwa na mahali pake pa kuchoma. Akaziwaza ngazi tatu. Akimwaibisha mama, mtoto haletwi tena. Akayameza maneno yake.

"Ingia uone mwenyewe."

Wifi alifumba jicho moja, akatazama muda mrefu.

"Haya ni yangu?"

"Yako. Safura inapenyea kwenye nyayo. Wewe na mwanao mnakwenda peku uani, pale nyuma ya choo. Ua ni huo huo wangu, ila mimi navaa ndara."

"Usinifundishe kuvaa," wifi alisema, akatoka bila kuaga. Lakini dirisha la dawa alilipitia.

Kesho yake mtoto alikuja peke yake, akipumzika kila baada ya hatua chache, kikopo kimefungwa mifuko mitatu.

"Hiki cha nani?" shangazi aliuliza.

"Changu kweli. Mama alisimama pale pale." Akavuta pumzi. "Amesema nikupe, nisikusalimie. Na wewe usicheke."

Bi Vikopo hakucheka. Alimtazama mtoto kuanzia kichwani mpaka chini. Miguuni alikuwa na ndara za mama yake, zikimpwaya, zimefungwa kwa uzi kisiginoni zisimtoke.

"Basi usinisalimie," alisema, akavaa glavu.