Mfereji Uliponyamaza

Watoto wengine hubembelezwa kwa nyimbo. Loveday Rowe alibembelezwa kwa nyundo.

Mama yake alipofariki, alichukuliwa na babu yake, mzee Digory Curnow, aliyekuwa mlinzi wa Mfereji wa Cobb. Kibanda cha mzee kilikuwa ukingoni mwa maji, juu kabisa mlimani kwenye misonobari. Mbele ya mlango alikuwa ametega gurudumu dogo la mbao ndani ya mfereji. Kila lilipozunguka liliinua nyundo na kuiangusha juu ya bati. Ko. Ko. Ko. Mchana kutwa, usiku kucha. Walinzi wa zamani wote walikuwa na nyundo kama hiyo. Ikilia, maji yanapita, lala zako. Ikinyamaza, mfereji umeziba au umebomoka mahali, na mlinzi anaruka kitandani kabla hajajua nini kimemwamsha.

Mara mbili Loveday alimwona babu yake akiruka hivyo. Uso wa mzee ulikuwa umegeuka rangi ya unga. Alichukua koleo na taa, akatoka. Mtoto akabaki peke yake na kile kimya, amejifunika blanketi mpaka puani, akimwomba Mungu nyundo ilie tena. Ililia. Lakini hofu ile haikumtoka.

Aliolewa na Silas Rowe, akawapikia watoto wa shule miaka ishirini na sita, akazaa wawili, akamzika mume. Miaka yote hiyo redio ya jikoni haikuzimwa. "Mama yenu ana jini la kimya," Silas alikuwa akiwatania watoto, na Loveday alicheka pamoja nao. Redio hakuizima.

Alipostaafu ndipo alipoanza kuufuatilia mfereji. Ulichimbwa kwa sululu enzi za kukimbilia dhahabu, ukaleta maji maili kumi na nne kutoka kwenye theluji hadi vilima vya changarawe, wakaoshea huko mchanga wenye dhahabu. Dhahabu ikaisha, watu wakatawanyika, maji yakaachiwa mashamba ya matufaha. Sasa zilibaki kaya saba tu zilizoyatumia. Kila Jumanne Loveday alishuka chumba cha nyaraka chini ya mahakama na mkate wake wa nyama na viazi kwenye karatasi, akapekua ramani na madaftari yanayonuka panya. Alhamisi alivaa mabuti, akatembea ukingoni na utepe wa kupimia, akilinganisha kilichoandikwa na kilichopo.

Kitu kimoja kilimtoa jasho. Ramani zilisema mfereji ulikuwa na milango kumi na miwili ya kumwagia maji: milango ya mbao ya kupunguza maji yakizidi. Miaka sita aliitafuta, hakuona hata mmoja. Bwana wa makumbusho alimwahidi kuja na kamera yake siku ambayo mlango mmoja tu, ule wa asili, utapatikana. "Basi mfereji wako utaingia kwenye orodha ya vitu vya kutunzwa, bibi," alimwambia. Loveday aliuombea mlango huo kama wengine wanavyoombea mvua.

Mwezi wa Oktoba aliona mahali panapovuja. Palikuwa hatua arobaini kabla ya Kona ya Cobb. Maji yalipenya ukingoni taratibu yakaingia Korongo la Pettibone, yakiimba kama mtu anayeosha vyombo. Alifunga utepe mwekundu kwenye kichaka, akaenda kumwambia Eusebio Lucero, mlinzi wa siku hizi, mtu mnene mwenye pikapu ya kijani na mzaha usioisha.

"Mama Loveday," alisema Eusebio, "wewe una macho ya polisi. Mimi nimepita hapo mwaka wa tisa, sijaona kitu."

"Umepita ndani ya gari, baba. Gari halina macho."

"Halina macho, lakini lina kiti cha kukalia."

Wale wa kaya saba waliposikia waliona aibu. Kwao mfereji unaovuja ni kama mtoto anayekwenda kanisani na kamasi. Wiki ileile walishindilia pale malori matatu ya udongo wa mfinyanzi, wakapanda majani juu. Pakawa pakavu. Loveday akasifiwa kwa makofi, akaona haya, akafurahi.

Aliyelalamika ni mmoja tu, naye alilalamika kwa kucheka: Nettie, dada yake Silas. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya ile kona, kati ya mlima na mto, kando ya Korongo la Pettibone.

"Wifi, umeniibia kijito changu," alimwambia kwenye simu. "Miaka arobaini nalala nakisikia. Sasa ni kimya kama kaburini."

Neno kimya lilimpita Loveday moyoni kama upepo wa mlango uliosahauliwa wazi. Alilipuuza.

Februari ikaja na theluji, kisha ghafla mvua ya uvuguvugu juu ya theluji. Siku ya nne daraja la mto likafunikwa, nyumba ya Nettie ikabaki upande wa pili bila njia. Naye Nettie alikuwa amevunjika mguu Krismasi, ana plasta mpaka pajani. Hakuna aliyeshtuka sana. Alikuwa na kuni na unga, na mto haujawahi kufika kwake.

Asubuhi hiyo Loveday alikaa mezani na nakala za daftari moja alizotoka nazo mahakamani Jumanne. Alikuwa bado hajazisoma. Alipofunua ukurasa wa tatu aliutambua mwandiko: ile herufi inayolala kama mtu aliyechoka. Babu yake. Alitabasamu, akasogeza taa. Kisha akasoma.

"Theluji, upepo wa joto. Nimefungua mlango wa tisa saa nne asubuhi, maji yote Pettibone. Kona ya Cobb ni udongo wa kujaziwa, si mlima. Haiwezi kubeba mfereji uliojaa. Mlango wa tisa usifungwe kamwe wakati wa theluji."

Na chini yake: "Hatua arobaini juu ya kona."

Chai ilimpoa mkononi. Pale palipovuja hapakuwa tundu la fuko kama walivyodhani. Palikuwa mlango wa tisa, umefukiwa na majani ya miaka mingi, ukiendelea kutoa maji taratibu, ukiilinda kona bila mtu kujua. Na yeye, kwa mkono wake, alikuwa ameufungia utepe mwekundu.

Alipiga simu kwa Nettie.

"Wifi, unasikia nini hapo?"

"Salamu gani hiyo? Nasikia mvua."

"Mfereji. Huko juu. Unausikia?"

Nettie akatega sikio. "La. Leo haupigi hata kelele. Utafikiri umelala. Nimeweka maandazi ya zafarani kwenye tanuri, ungekuwa na mabawa ungekuja."

Waswahili wana neno lao: kimya kingi kina mshindo mkuu. Loveday hakulijua, lakini maana yake aliijua tangu utoto. Maji machache hupiga kelele kwenye mawe. Mfereji uliojaa pomoni hausemi kitu.

"Nettie, sikiliza. Toka chumba cha nyuma. Kaa jikoni, upande wa mto."

"Na mguu huu? Unanitisha, wifi."

"Naogopa mimi. Wewe jikokote tu, mpenzi wangu. Usibishane nami leo."

Eusebio, aliyepigiwa simu mara moja, alifika baada ya robo saa. Loveday alikuwa barazani na koti la mvua la marehemu Silas, sululu begani. Kufunga maji kule chanzoni hakukuwezekana. Ni maili nane ndani ya theluji, na mlima wote ulikuwa ukimwaga maji mferejini njiani. Walivuka mto kwa daraja la juu, ambako hakuna njia ya kushukia kwa Nettie, wakachukua njia ya ukingoni. Pikapu ikafika mahali ikakwama, wakashuka, wakachukua koleo, mtaimbo na shoka, wakatembea.

Hata Eusebio hakutania. Maji yalikuwa sawa na ukingo, manene, ya rangi ya kahawa ya maziwa, yakienda haraka bila sauti. Palibaki vidole vitatu yafurike. Loveday alitembea akijaribu kutoyaangalia, na kila hatua alihisi ardhi chini ya buti ikitetemeka, kama ubavu wa ng'ombe mgonjwa. Midomo yake ilikuwa ikisali yenyewe.

Walipofika kwenye utepe, ambao sasa ulikuwa umepauka kuwa kitambaa cheupe kilichochakaa, Eusebio alikwenda mbele kuitazama kona. Alirudi mbio, mtu mnene vile.

"Kuna ufa, mama. Mkono wangu unaingia. Na bomba la moshi la Bi. Nettie liko chini yake hivi." Alinyoosha kidole moja kwa moja kwenda chini.

"Chimba, baba."

Udongo ule waliushindilia vizuri mno. Ulikuja vipande vipande kama jibini. Eusebio alipiga sululu, Loveday akavuta kwa koleo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kila alipoinama aliona vidole vile vitatu vimekuwa viwili. Mara moja kutoka upande wa kona kitu kiliguna, sauti nzito ya chini kwa chini, na jiwe likaporomoka kwenda huko bondeni. Hawakulisikia likitua. Eusebio alijichora msalaba.

"Tukimbie, mama. Haki ya Mungu, tukimbie. Ikienda hii, inatuchukua na sisi."

"Kimbia, mwanangu. Una watoto. Sitakulaumu."

"Nikuache wewe hapa, nikamwambie nini mke wangu?" Akapiga sululu tena kwa hasira.

Ncha ikagonga mbao.

Loveday alipiga magoti kwenye tope, akapangusa kwa viganja. Mbao nyekundu, nene kama Biblia ya madhabahuni, misumari ya kufuliwa kwa mkono, na katikati namba tisa iliyochongwa kwa kisu, kingo zake bado kali. Pembeni palikuwa na mpini wa chuma wa kuinulia. Miaka sita. Aliweka kiganja juu ya ile namba, na kwa muda wa pumzi moja hakuogopa chochote.

Eusebio aliingiza mtaimbo chini ya mpini, akaegemea kwa uzito wake wote. Mpini ukakatika mkononi mwake kama biskuti. Walijaribu upande wa kushoto, wakajaribu wa kulia. Maji yalikuwa yakiukandamiza kutoka nyuma. Haukutikisika hata unywele.

Eusebio alimtazama. Shoka lilikuwa mkononi mwake, na mkono haukuinuka.

"Mama," alisema, "huu ndio ulioutafuta."

"Ndio huu."

"Yule bwana wa makumbusho..."

"Nipe."

Alimnyang'anya shoka. Pigo la kwanza lilidunda, mikono ikamfa ganzi mpaka mabegani. La pili likaingia. La tatu lilipita katikati ya namba tisa, na uzi mwembamba wa maji ukaruka ukampiga kifuani. Eusebio akamvuta nyuma kwa ukosi wa koti, akachukua shoka, akapiga mara mbili.

Mlango ukapasuka. Maji yalitoka na ngurumo iliyowaangusha wote wawili matakoni, yakabeba mbao, udongo, majani yaliyopandwa juu, kila kitu, yakajitupa Korongo la Pettibone. Loveday alilala pale ukingoni, akiwa ameshika mzizi wa msonobari, akitazama alama ya maji ukingoni ikishuka: kidole, kiganja, dhiraa.

Kona haikusubiri maji yote yashuke. Upande wake wa nje ulikatika, kipande kikubwa kama basi, kikaenda. Walisikia miti ikivunjika huko chini, kisha wakasikia kuku. Kisha hawakusikia kitu isipokuwa maji korongoni.

Ilichukua dakika ishirini kufika kwenye simu ya jirani wa karibu. Eusebio alimshikia Loveday kipokeo sikioni. Ililia mara nne. Mara tano. Mara ya saba.

"Haloo!" Nettie alikuwa akipiga kelele. "Tope limesukuma mlango wangu wa nyuma! Banda la kuku halipo! Wifi, ni wewe? Na hiyo ngurumo korongoni ni nini? Mimi niliomba kijito, si mto!"

Loveday aliangua kilio. Eusebio akasema kwa niaba yake, "Ni yeye, Bi. Nettie. Analia tu. Maandazi yamepona?"

Walimtoa Nettie siku mbili baadaye, maji ya mto yaliposhuka. Chumba cha nyuma, kile cha kulala, kilikuwa na tope mpaka usawa wa mto wa kitanda.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Loveday alisimama mbele ya wale wa kaya saba, akasoma ukurasa ule wa babu yake, akasema kwamba utepe ulikuwa wake. Mzee mmoja alisema malori ya udongo yalikuwa yao. Wakaacha hapo. Bwana wa makumbusho aliandika barua ya heshima: kipande cha ubao chenye nusu ya namba, alichokiokota Eusebio korongoni, hakitoshi. Loveday alikiweka dirishani jikoni, karibu na redio. Mahali pa mlango wa tisa walijenga mlango wa chuma, na ufunguo wake hukaa kwake.

Hofu haikuondoka, ilihama tu. Mvua ikinyesha juu ya theluji, Loveday hupiga simu upande wa pili wa mto, saa yoyote ile.

"Wifi," husema.

Nettie hamjibu. Hufungua dirisha, akanyoosha kipokeo nje kwenye baridi, na Loveday husimama na simu sikioni, pumzi ameishika, mpaka ayasikie maji.