Bariadi: tulikagua mitaa mitatu kiangazi, tukachagua wa mafuriko

Wakuu, heshima kwenu. Naona wengi mnaulizia viwanja Bariadi, mtaa gani maji hayafiki. Haya yalitupata nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi.

Ni enzi zile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa pamba wanagombania mzigo wetu kule kijijini kwetu Ngulyati. Baba akauza vizuri, akaamua tuhamie mjini.

Sasa shida yetu wakulima wa pamba ni hii: hela inaingia kiangazi, na viwanja tunanunua kiangazi. Ardhi imekauka hadi imepasuka nyufa. Mtaa wa juu na wa chini huoni tofauti.

Tulizunguka mitaa mitatu.

Wa kwanza mlimani, mawe matupu. Wa pili kichanga, kando ya barabara. Wa tatu bondeni karibu na mto, udongo mweusi tii unaokubali mpunga. Baba akauchota, akaufikicha, akatabasamu. Alikagua kiwanja kama anakagua jaruba la mpunga!

Mama alitaka mlimani. Akamwambia, "Baba Masanja, tunatafuta pa kulala, si pa kulima."

Masanja ndiye mimi. Baba alicheka tu, akalipia bondeni.

Tukajenga kwa tofali mbichi kama majirani. Masika ya kwanza mvua ilikuwa haba, baba akatamba sana.

Masika yaliyofuata mto ulifurika mchana kweupe. Mlimani maji yaliteremka tu. Kichangani yalizama ardhini. Kwetu yalituama, maana udongo ule haumezi maji.

Mama aliingia ndani kuokoa gunia la mahindi. Ukuta ulishalowa kuanzia chini. Ukamwangukia.

Tulitaka kumzika uani, ndiyo desturi yetu. Kila tulipochimba, kaburi lilijaa maji. Ikabidi tumrudishe Ngulyati. Njia nzima baba alisema neno moja tu: "Aliniambia."

Wakuu, funzo ni hili: nenda kaone kiwanja masika. Kagua kuta za majirani, alama ya maji inaonekana. Usiulize dalali.

Ila mimi nimekata tamaa. Juzi nimepita bondeni, jamaa anajenga palepale ilipokuwa nyumba yetu. Nikamsimulia habari za mama, mwanzo hadi mwisho. Akanipa pole sana, akainama, akaendelea kupanga tofali.

Nyie wenzangu, mtu wa hivyo mnamwambiaje? Semeni, nasoma.