Mama Alipochemsha Bahari

Mwalimu wetu wa biolojia alizaliwa Tanga, na bahari haikumtoka mdomoni. Ukimuuliza habari za majani ya maharage atakujibu vizuri, halafu dakika ya pili yuko baharini. Sisi tulikuwa watoto wa milimani. Wengi wetu hatukuwa tumevuka Mombo, pale chini milima inapoishia, na maji mengi kuliko yote tuliyowahi kuyaona ni ya mto pale Soni wakati wa masika. Siku alipotuambia kwamba kijiko kimoja cha maji ya bahari kina viumbe hai wengi kuliko watu wanaojaa sokoni Lushoto siku ya gulio, darasa zima lilicheka. Mimi nilisisimka mpaka nikasimama bila ruhusa.

"Wana sura gani, mwalimu?"

"Keti kwanza, binti. Tungekuwa na hadubini ungewaona mwenyewe."

Hadubini ya karibu ilikuwa ya hospitali, ya kutazamia damu ya wagonjwa wa malaria. Mwalimu alikwenda kuiomba mara tatu. Mara ya tatu wakamkubalia: Jumamosi moja, asubuhi tu, irudi kabla ya saa sita. Hapo ndipo mkuu wa shule alipokuja juu, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya shamba. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea, na shule yetu ilijitegemea kwelikweli. Kabichi tulizokula tulizipanda wenyewe, na matuta ya kuzuia udongo usiteremke bondeni tuliyachimba wenyewe.

"Nawapa Jumamosi hiyo moja," mkuu alituambia sisi wa klabu ya sayansi. "Mkikosa cha kunionyesha, klabu naifunga, na majembe nitawagawia kwa mkono wangu."

Tulikuwa wanane kwenye klabu ile, na msichana nilikuwa peke yangu. Kila mahali pengine niliambiwa nimezidi maswali. Pale, nikiuliza, mwalimu alisema, "Uliza tena, sijamaliza kukujibu." Ningeifia klabu ile. Kwa hiyo iliposemwa kwamba hakuna wa kuleta maji ya bahari, nikadakia kabla sijafikiri: mjomba wangu anaendesha lori la mboga kutoka Soni hadi Tanga, ataleta yeye. Mwalimu akaandika maagizo kwenye karatasi: achote alfajiri ya Ijumaa, kwenye mikoko, palipo na utando wa rangi ya kahawia.

Mjomba hakuniangusha. Ijumaa jioni alipita nyumbani na galoni limejaa pomoni. Mimi nilikuwa nimetumwa kuni. Lori lilikuwa linaunguruma barabarani, basi akalitua galoni jikoni, akamwambia mama, "Dada, haya ni maji ya mwanao ya kesho shuleni," akaondoka mbio.

Sasa niwaeleze habari za mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio pale kijijini. Kila wiki watu walikaa kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi cha afya, kisha mama akawasomea kijitabu, wakakubaliana la kufanya: mara choo, mara kufyeka vichaka, mara kuchemsha maji. Mama hakuwa mtu wa kukubaliana tu. Alipita nyumba hadi nyumba kunusa mitungi ya watu. Na alijua kwamba kila Jumamosi tunabeba maji ya kunywa shambani.

Asubuhi nilipoingia jikoni, galoni lilikuwa na joto. Nililishika tena kwa mikono miwili, nisiamini.

"Mama, shikamoo. Haya maji yamefanyaje?"

"Marahaba. Huyo mjomba wako ana akili kweli? Maji yana utelezi, yana takataka kama mchuzi wa juzi, ndiyo akuletee unywe! Nimeyatokosa yakachemka hasa, nikayachuja kwa kitambaa mara nne. Sasa kunywa bila wasiwasi."

Nilitaka kulia, nikataka kucheka, nikaishia kupiga mguu chini, jambo ambalo hukulifanya mbele ya mama yangu ukabaki salama. Sikungoja adhabu. Nikalibeba galoni lile mpaka shuleni na sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba labda wamebaki wawili watatu, wagumu.

Hadubini ilikuwa imewekwa dirishani, inang'aa. Mwalimu akadondosha tone kwenye kioo, akainama. Akahamisha kioo. Akadondosha tone lingine. Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yake na kofia yake ya shamba tayari kichwani. Naye akatazama.

"Naona weupe," alisema. "Weupe mtupu. Haya, vijana, majembe."

"Mama ameyachemsha!" nikapiga kelele. Yote yakanitoka kwa pamoja, mjomba, galoni, kijitabu cha afya, kuchuja mara nne. Wenzangu walinitazama kwa macho ya kunimeza. Mwalimu hakukasirika. Alinikamata bega.

"Aliyachuja kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa, cha kanga."

"Kiko wapi hicho kitambaa?"

Nilikimbia. Sijapata kukimbia vile tena maishani, nakatiza mashamba ya watu, naruka matuta, na shikamoo zangu nazirusha kwa wazee bila kusubiri marahaba. Nilimkuta mama ameinama kwenye beseni, sabuni mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine, bado hakijaguswa na sabuni, kina utando wa kahawia. Nikampokonya. Naam, nilimpokonya mama yangu kitu mkononi, nikageuka nikakimbia. Naye akanifuata, kanga imekazwa kiunoni, ananigombeza kwa Kishambaa njia nzima, na watu wakatoka nje kuangalia.

Tuliingia darasani tumeongozana, wote tunahema. Mwalimu akakipokea kitambaa. Alikamua ncha ya kitambaa juu ya kioo, akainama, akazungusha kidude cha pembeni taratibu. Halafu akapiga yowe. Mtu mzima, mwalimu, alipiga yowe!

"Njoo," akaniambia. "Njoo uone!"

Niliona vikasha vya kioo. Vingine vya mviringo, vimetobolewa kama chekeche. Vingine vyembamba kama sindano, vingine vimeshikana mkono mstari mzima. Kila kimoja kimechongwa kwa mpangilio ambao fundi yeyote wa Lushoto angeuonea wivu. Mwalimu alituambia ni dayatomu, mwani mdogo sana unaojijengea ganda la kioo. Moto wa mama ulikuwa umewaua wote, lakini kioo hakikuungua. Nilikataa kuondoka pale mpaka nikavutwa.

Mkuu wa shule alitazama, akavua kofia, akatazama tena. "Vina kazi gani hivi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwalimu alikuwa amelisubiri swali hilo tangu aje milimani. Ndiyo chakula cha wale wanaoliwa na samaki, alisema, bila hivi hakuna papa wala dagaa. Na sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, hata huku juu, wanaitengeneza wao. Na maganda ya waliokufa zamani yamerundikana ardhini, watu huyachimba wakayatumia kuchujia sukari na maji ya kunywa. Ya mbele hakuyajua: siku hizi viumbe wa aina hiyo wanafugwa kwenye matangi, wanakamuliwa mafuta, na dawa zinatafutwa ndani ya bakteria wa baharini. Mimi mwenyewe kazi hiyo imenilisha miaka mingi.

Mama aliombwa atazame. Alikaa kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Hawa ndio niliowachemsha?"

"Ndio, mama," mwalimu alisema.

"Kijitabu kinasema wadudu wa majini ni wachafu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Kumbe kuna na wa hivi."

Mkuu wa shule akakohoa. Klabu haifungwi, alisema, lakini yeye ameona maiti tu. Barua ya kuomba hadubini Jumamosi ijayo ataiandika mwenyewe. Wenye klabu wamletee walio hai.

"Nitawaleta mimi," mama akasema.

Mama, ambaye Mombo kwake ilikuwa mwisho wa dunia! Alhamisi alipanda lori la mjomba, akakaa mbele na galoni tupu mapajani. Ijumaa jioni akashuka nalo limejaa, gauni limelowa mpaka magotini. Mjomba alikuwa amenuna: dada yake amemmwagia maji ya chumvi gari zima, kila kona anafungua kifuniko.

"Nisifungue, wapumue wapi?" mama akamjibu. Akaliweka galoni chini ya kitanda chake, mbali na jiko.

Kesho yake, hadubini ikiwa tena dirishani, mkuu wa shule alisogea pembeni, akasema mama atangulie. Aliinama, akafumba jicho moja, halafu akanikamata mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Wanatembea," akasema. "Mwanangu, wanatembea."