Ufizi wa Popi

Juzi asubuhi jirani yangu hapa Nshambya alinigongea mlango akiwa amembeba mbwa wake kifuani kama mtoto mchanga. "Dada, hataki kula tangu jana. Nadhani kavimbiwa senene." Ni msimu wa panzi hao. Nikamwambia amlaze barazani. Nikainua mdomo wa mbwa, nikabonyeza ufizi kwa kidole gumba, nikaachia. Ukabaki mweupe kama unga wa muhogo. Masikini jirani, nilimfokea: "Senene gani! Hii ni homa ya kupe. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, hata chai usinywe!" Jioni akanipigia simu: mbwa kachomwa sindano, kaanza kunywa maji. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu kwa kifupi tu, kwa bibi yangu. Akakata simu.

Kwa Bibi ni upande wa Rubya, kule Muleba. Mama alipopata kazi Mwanza aliniacha kwa Bibi nikiwa na miaka minane. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka kote, ukisimama mlangoni huoni paa la mtu mwingine. Watoto wa jirani waliniita "wa mjini" kwa sababu Kihaya changu kilikuwa cha kubahatisha. Hawakunipiga wala kunitukana, walikuwa tu hawaniiti kucheza. Aa, hilo nalo linauma, usione. Rafiki yangu alikuwa Popi, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililokunjika. Nilimsimulia kila kitu kwa Kiswahili, na hakuwahi kunicheka.

Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza mbwa. Popi alilala nje na alikula baada yetu sote. Ila akiugua, Bibi hakuwa na mchezo. Popi akiburuza makalio chini, basi ni minyoo, na ujumbe unapelekwa kwa bwana mifugo alete vidonge. Akiharisha, namkorogea maji yenye chumvi kidogo na sukari, namnywesha kwa kijiko mpaka blauzi yangu inalowa. Jumapili tukitoka kanisani tunamtoa kupe masikioni na katikati ya vidole, tunawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Na kwa ugonjwa wowote ule, Bibi alimalizia na mubirizi, yale majani machungu tuliyonyweshwa sisi wenyewe tukiwa na homa. Popi akiyaona tu, mbio nyuma ya banda la kuni.

Lakini kabla ya yote, ufizi. Bwana mifugo ndiye aliyemfundisha Bibi: ukibonyeza uwe mweupe, ukiachia wekundu urudi mara moja. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza ukungu, hivyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilijiona daktari mzima.

Mwezi wa kumi na moja senene wakaanguka. Asubuhi na mapema kila mtu yuko kwenye nyasi na ndoo, miguu imelowa umande, vidole vimekufa ganzi. Halafu watu wanakaa kwenye majani ya migomba kunyonyoa mabawa na miguu, soga zinapigwa, na mbwa wote wa kijiji wanazunguka wakiokota. Siku hizo mbwa akiacha chakula, au akitapika, hakuna anayeshtuka. Watu wanacheka tu: kashiba senene huyo!

Na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, wale watoto waliniita. "We wa mjini, njoo na ndoo yako!" Nilikimbia, sikuangalia hata nyuma.

Siku hiyohiyo Popi aliacha ndizi na maharage yake. Bibi akacheka kama kila mtu, "Kashiba senene." Halafu akaongeza, "Lakini hebu mwangalie ufizi." Nikazunguka nyuma ya nyumba. Popi alikuwa amelala chini ya mti wa kahawa, akainua kichwa kidogo. Kule njiani wenzangu walikuwa wananiita. Nikarudi kwa Bibi, nikasema, "Mwekundu, Bibi." Kesho yake akaniuliza tena, nikajibu vilevile, na ndoo iko mkononi.

Siku ya tatu nilimwona Popi akikojoa, miguu inatetemeka. Mkojo ulikuwa na rangi ya kahawa nzito. Mama wee! Hapo ndipo nilipoinua ule mdomo. Mweupe pe. Nilikimbia hadi kwa bwana mifugo huku nikilia. Alikuja na baiskeli yake, akamchoma sindano, lakini Popi alikufa kabla ya saa sita mchana, kichwa kikiwa juu ya mguu wangu.

Bwana mifugo alifuta mikono. "Bibi, siku zote hizi hamkuona ufizi ukibadilika?"

Bibi akanyooka. Sijawahi kumwona amenyooka vile. "Waitu, bwana mifugo, mjukuu wangu kamwangalia kila siku. Mtoto huyu hadanganyi. Ugonjwa umekuja ghafla tu."

Bwana mifugo alinitazama. Mimi nilitazama chini.

Tulimzika kibanjani. Jioni Bibi alikaanga senene kwa chumvi na kitunguu, harufu ikajaa nyumba nzima, nami sikuweza kumeza hata mmoja. Alidhani ni huzuni. Akanipa kipande cha samaki alichokuwa amejiwekea. Baada ya wiki mbili senene waliisha, na wale watoto wakarudi kwenye michezo yao bila mimi.

Mnyauko umemaliza migomba ya kibanja kile. Senene siku hizi wananaswa kwa taa kubwa na mabati, wanauzwa sokoni kwa ndoo. Bwana mifugo alishafariki. Bibi aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na maneno yale hakuyaacha. Wageni wakija: "Huyu wangu hadanganyi." Mama akija likizo: "Muulize huyu, hadanganyi." Kila mara nilifungua mdomo, kila mara nikaufunga. Niliogopa kumpoteza na yeye. Hata siku tunamzika, shangazi alisimama akasema Bibi alinipenda kwa sababu ya ukweli wangu, na watu wakaitikia.

Sasa nimekuambia wewe, na wewe hukumjua.