Vyuma vya Mpiga Tarumbeta

Koplo hakuwa mtu wa kuonea wivu gari la mtu wala cheo cha mtu, na kambi nzima ingemtolea ushahidi. Wivu wake ulisubiri mpaka alipofungwa vyuma vya meno, ndipo ukaja wote kwa mkupuo.

Meno yake ya mbele yalipandana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Tangu utotoni alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mkewe alishachoka kuongea na kiganja. Basi zahanati ya kambi ilipopata daktari wa kunyoosha meno, Koplo alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Kuna chombo chochote cha muziki unachopuliza?" daktari akamuuliza.

Koplo, ambaye ndiye aliyeamsha kambi kwa tarumbeta kila alfajiri, akaona bahati inataka kumponyoka, akadanganya. "Hapana, Daktari. Mimi niko bohari."

Alijiambia kwamba tarumbeta hupigwa kwa midomo, meno yanahusika nini? Mtu ameamsha kambi miaka nenda miaka rudi, na bado hajatambua kwamba kile kidomo cha shaba huegemea meno! Kuna vichwa vigumu duniani, jamani.

Kesho yake alipopuliza, vyuma vilimchana midomo kwa ndani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi mwenye mafua. Mkuu wa bendi akamfunua mdomo, akaguna.

"Pumzika mpaka vitolewe. Zamu yako ataishika Kuruta. Vikishatoka nitawapima wote wawili, na atakayepiga safi ndiye atakayeamsha kambi."

Kuruta lilikuwa jina la utani tu, maana kijana huyo alishamaliza mafunzo zamani. Koplo ndiye aliyemfundisha kupiga tarumbeta, tangu siku ambayo hakujua hata aishike wapi. Sasa Koplo alipewa matoazi, akasimama safu ya nyuma akigonganisha sahani zake kama mpishi aliyekasirishwa.

Asubuhi ndizo zilizomtesa. Alijilaza macho wazi katika nyumba yao ya kambini, akimvizia kijana akosee, na kijana hakosei. Mlio ulipanda juu ya mabati, mwororo, ukakaa pale unapotakiwa kukaa.

"Anapiga vizuri huyu," mkewe alisema akimimina chai. "Si ulimfundisha wewe? Basi sifa ni yako."

"Sifa gani? Sifa ya kulala kitandani?"

"Haya, nuna. Meno yananyooka, roho inapinda."

Koplo akachovya mkate kwenye chai ili ulainike. Kantini alikuwa amemwona Kuruta akitafuna biskuti ngumu za jeshi, kwa kelele, na hata biskuti hizo alimwonea wivu. Alionea wivu midomo yake mizima, isiyo na kidonda. Wapishi walipomwita kijana "Sauti ya Kambi", Koplo alikosa hamu ya kula. Jina hilo lilikuwa lake.

Ikafika siku ya gwaride la kumuaga mkuu wa kikosi. Familia zilijaa jukwaani, buti zinang'aa, kimya kimetanda. Kuruta akatoka mbele, akainua tarumbeta. Alianza vizuri. Kisha, kwenye ile noti ya juu kabisa, sauti ikapasuka vipande viwili mbele ya watu wote.

Koplo alifurahi. Tusimpambe: alifurahi mpaka akasikia joto kifuani. Na papo hapo alijua kosa liko wapi, maana macho ya mwalimu hayastaafu. Kijana akipata hofu hupandisha mabega, na mabega yakipanda pumzi hukatika. Ni jambo la kurekebishwa kwa neno moja.

Baada ya gwaride, Kuruta alimfuata nyuma ya chumba cha ala. Macho yalikuwa mekundu.

"Afande, nimewaaibisha. Nisaidie. Nilikosea wapi?"

Koplo alijishughulisha na kufuta matoazi. Vyuma vilikuwa karibu kutolewa, daktari alishamwambia. Baada ya hapo ni kupimwa, wao wawili, mbele ya bendi nzima.

"Hukukosea popote. Ni bahati mbaya tu, hutokea."

"Nilikuwa nafikiri labda ni mabega. Nahisi kama huwa yanapanda."

Koplo akainua uso. Kijana alikuwa amelifikia kosa mwenyewe, ameligusa kabisa, na alichosubiri ni kuambiwa ndiyo.

"Mabega yako hayana tatizo," Koplo akasema. "Usiyaguse. Ukianza kuchezea mabega utaharibu kila kitu."

Kuruta akashusha pumzi, uso ukafunguka. "Asante sana, Afande. Bila wewe ningejiharibia."

Koplo hapigiwi saluti, kila askari anajua hilo. Kijana alimpigia.