Fomu ya Miaka Mitano

Ardith Combs hakuwahi kununua kitu kwa bei kamili tangu aolewe, na hilo alilisema mwenyewe bila haya. Mkono wa birika? Waache waseme. Kuponi za gazetini alizikata Jumapili kabla hata kahawa haijachemka, na maua ya plastiki ya makaburini aliyanunua Januari, wakati duka linayatoa kwa nusu bei kwa sababu hakuna mwenye akili zake anayefikiria makaburi kwenye theluji. Sasa mwanamke wa namna hiyo, miaka sabini na miwili kichwani, alikaa siku tisa nzima akiikodolea macho fomu moja ya chama cha wazee, asijue aijaze au aitupe.

Fomu yenyewe haikuwa na makuu. Kadi yao ya punguzo ilikuwa inaisha mwishoni mwa Aprili. Ukilipa mwaka mmoja ni dola kumi na nane. Ukilipa mitano kwa mpigo, sabini. Mwanachama mkuu alikuwa mumewe, Verlin, na yeye Ardith aliandikwa chini yake kama mtu wa nyumba hiyo hiyo, bure.

Lakini kadi hiyo kwao ilikuwa na kazi moja tu. Wengine huitumia kwa miwani na kwa kubadilisha oili ya gari. Verlin oili alibadilisha mwenyewe, na miwani aliokota yoyote duka la dawa. Kadi ilikuwa ya gesti. Kila mwisho wa Mei, kwa miaka arobaini na sita, walitoka hapa Hamilton, Ohio, wakateremka Kentucky kwenye milima alikozaliwa Verlin, wakalala siku mbili kwenye gesti ya barabara kuu. Jumapili yake walipanda kilima pamoja na ukoo mzima, wakafyeka makaburi ya wazee wao, wakayapamba maua, kisha wakatandika mashuka kwenye nyasi na kula kuku wa kukaanga hapo hapo, wafu upande huu na walio hai upande ule. Gesti ilikuwa dola themanini, kadi inakata nane kila usiku. Hiyo ndiyo hesabu yote. Bila safari ya Mei, kadi ni kipande cha plastiki.

Na safari haikuwepo, Ardith alijua. Tangu Novemba Verlin alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Kiwanda cha kuyeyusha chuma kilimlipa vizuri miaka thelathini na mmoja, kikabaki na mapafu yake. Kutoka kwenye kiti hadi chooni alipumzika mara mbili. Mwezi wa pili daktari aliwaambia, kwa ule upole wao unaokata kuliko kisu, kwamba safari ya saa nne haimfai, na kilima asikitaje kabisa. Verlin alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Walipofika nyumbani akauliza kama mashine ya kufyekea ina petroli ya kwenda nayo.

Tangu hapo hawakuligusa tena. Watu wa milimani ndivyo walivyo, jambo likiwauma wanazungumzia mvua. Ndiyo maana fomu ilimtesa Ardith. Akiitupa, Verlin angeona haipo pale mlangoni pa friji, naye angejua mkewe ameshamzika kabla hajafa. Akiilipia, angekuwa anamdanganya mtu anayejua kabisa kwamba anadanganywa. Wallahi afadhali angedaiwa kodi.

Jirani yake Geneva, aliyekuja kurudisha sufuria, aliiona. Geneva mdomo wake hauna breki. Alisema hao wajanja wanakuchukulia dola kumi na nane ili wakurudishie senti, na tena akaongeza: "Rahisi huvunja upishi, shoga." Kisha akashusha sauti, akauliza kama Ardith amewahi kufikiria kadi yake itakuwa chini ya nani, Verlin akishatangulia. Alikusudia wema, huyo ndiye Geneva. Ardith alimshukuru kwa sufuria na kumfungulia mlango.

Hata hivyo swali lilikuwa limeshaingia ndani. Alhamisi, Verlin akiwa amesinzia sebuleni mbele ya televisheni, Ardith alikaa jikoni akapiga ile namba iliyo nyuma ya fomu. Sikio lake la kushoto limekufa na la kulia linasikia linachotaka, kwa hiyo simu zote huziweka mezani zikiwa kwenye spika. Hapo ndipo alipokosea. Ni kosa la mazoea tu, wazee wote wa mtaa ule wanapiga simu hivyo, na mtaa mzima unajua matokeo ya vipimo vya sukari vya kila mtu. Alidhani televisheni ingemfunika.

Aliyepokea alikuwa msichana mchangamfu. Ardith akamuuliza, mwanachama mkuu akifariki katikati ya muda, yule wa bure naye anafutwa?

"Hafutwi, mama," msichana akajibu, kwa ile sauti ya juu wanayotumia kwa wazee. "Unatuletea cheti cha kifo, tunakuhamishia wewe. Pesa yako haipotei. Kwa hali yenu ningekushauri uchukue ya miaka mitano."

Ardith alisema asante, maana alilelewa kusema asante hata anapopigwa, akakata simu. Ndipo alipogundua kwamba televisheni ilikuwa kimya. Imezimwa saa ngapi, hakujua.

Kisha akasikia mpira wa oksijeni ukiburutwa sakafuni, unasimama, unaburutwa tena. Hakwenda kumsaidia. Aibu ilimzuia. Verlin aliingia, akashika kiti, akakaa, wakangoja wote wawili hadi pumzi irudi. Ardith alianza kueleza kwamba alikuwa anauliza tu, kwamba ni maneno ya Geneva hayo. Verlin akainua kiganja.

"Lete kalamu."

Akaletewa. Aliivuta fomu, na kwenye mstari wa mwanachama mkuu akaandika jina la Ardith kwa herufi zake kubwa. Mstari wa chini, ule wa bure, aliuacha mtupu.

"Weka mitano," alisema. "Sabini. Gesti inakata nane, siku mbili kumi na sita, Mei tano themanini. Unabaki na dola kumi."

Ardith akahesabu moyoni. Mei tano ni pamoja na hii inayokuja, wiki sita tu mbele.

"Mei hii hatuendi, Verlin. Ulimsikia daktari."

"Hatuendi. Utakwenda wewe." Alitua kidogo kuvuta hewa. "Nataka nizikwe kule kilimani, karibu na mama. Nafasi ipo. Nimeshaongea na mdogo wangu."

Hilo Ardith hakulijua. Kila alipojiruhusu kuwaza, aliwaza makaburi ya hapa mtaani, mwisho wa barabara, mahali ambapo hata magoti yake mabovu yangemfikisha kwa mguu asubuhi yoyote atakayo. Hasira zikampanda. Amemwambia mdogo wake kabla ya mkewe! Saa nne za kuendesha gari peke yake katika umri huu, halafu kile kilima, kumwona mume wake mara moja kwa mwaka kama mgeni. Alitaka kumwambia yote hayo. Akamtazama midomo, ilivyokuwa ya bluu, akayameza.

"Nitakuja," alisema.

"Kila mwaka?"

"Nikiwa na nguvu."

Verlin aliridhika, au alichoka, si rahisi kujua. Alimsogezea fomu, na Ardith akatia alama kwenye kisanduku cha miaka mitano, akasaini. Verlin alikuwa bado anaitazama ile karatasi.

"Ukichukua kitanda kimoja," akauliza, "punguzo wanatoa lile lile?"

Ardith akamwambia ni lile lile.